Kamera ya joto kabla ya tindo: namna tunavyotafuta uvujaji na hitilafu za umeme majumbani

Kamera ya joto haioni ndani ya ukuta. Tunaanza na hilo kwa sababu wateja wengi hutupigia simu wakiamini itawaonyesha bomba kama eksirei inavyoonyesha mfupa. Inachopima ni joto la uso peke yake: rangi, plasta, kigae, gamba la breka ya umeme. Maji yaliyojificha nyuma ya uso huo yataonekana pale tu yanapoufanya uwe wa baridi au wa moto kuliko sehemu za jirani, hata kwa nusu nyuzi.

Kwenye nchi za baridi tofauti hiyo huja yenyewe, maana ndani pamewashwa moto na nje kuna theluji. Dar es Salaam ndani nyuzi 29, nje nyuzi 30. Ukielekeza kamera ukutani saa tano asubuhi bila maandalizi utapata picha ya rangi moja, na anayekwambia nyumba ni salama kwa picha hiyo hajakupimia kitu. Kwa hiyo nusu ya kazi yetu ni kuitengeneza hiyo tofauti ya joto, au kuisubiri saa yake.

Paa la zege ndilo lenye saa inayojulikana. Slabu hupigwa jua mchana kutwa, na jua likizama zege kavu huanza kupoa haraka. Maji yaliyonaswa chini ya tabaka la kuzuia maji hushika joto zaidi ya mara nne kuliko zege la uzito uleule, kwa hiyo sehemu yenye maji hubaki na joto wakati kwingine kumeshapoa. Ndiyo maana tunapanda juu kati ya saa moja na nusu na saa tatu usiku, siku ambayo haikunyesha na paa halina dimbwi. Upepo mkali wa baharini ukivuma tunaahirisha, kwa kuwa unafuta tofauti yote. Tukiona doa lenye joto tunalizungushia chaki, na asubuhi tunapima unyevu hapohapo. Mahali penye maji si lazima pawe ndipo palipopasuka: maji hutembea chini ya tabaka kufuata mteremko, na ufa mara nyingi uko upande wa juu wa doa, kwenye kona ya ukuta mfupi wa paa au pale bomba linapotoboa slabu.

Bafu la ghorofani linalodondosha maji sebuleni ndilo linalotuita mara nyingi zaidi, na ndilo linaloharibiwa zaidi na haraka za mafundi. Vigae vyote hung'olewa, vinawekwa vipya, na baada ya wiki tatu dari linalowa tena kwa sababu tatizo lilikuwa kwenye bomba la maji machafu. Vyanzo ni vinne: bomba la maji safi, bomba la maji machafu, sakafu, na kuta za shawa. Tunavijaribu kimoja kimoja, kwa mpangilio huo, na hatuvichanganyi.

Bomba la maji safi linajaribiwa kwa mita na tangi. Funga koki zote, funga na valvu inayoingiza maji kwenye tangi, kisha angalia gurudumu dogo la mita kwa nusu saa. Likizunguka, uvujaji uko kati ya mita na tangi. Mita haiwezi kukuonyesha kinachovuja baada ya tangi, kwa hiyo weka alama ya kina cha maji ndani ya tangi wakati wa kulala, asiguse mtu koki, upime alfajiri. Kwenye simtanki yenye kipenyo cha mita 1.1 hivi, kila sentimita iliyoshuka ni karibu lita 9.5. Kazi hii mteja anaweza kuifanya mwenyewe kabla hatujafika, na tunamwomba aifanye.

Bomba la maji machafu tunalijaribu kwa ndoo ya lita 20 ya maji ya nyuzi 45 hivi, moja kwa moja kwenye tundu la sakafu, bila kuilowesha sakafu yenyewe. Mmoja wetu anabaki chini na kamera imeelekezwa darini. Slabu ya sentimita 15 inachukua saa nyingi kupitisha joto, kwa hiyo doa la joto likijitokeza ndani ya dakika 40, hilo ni maji yaliyopita kwenye upenyo. Lisipojitokeza, tunaziba tundu, tunajaza maji sakafuni kina cha sentimita 2 na kuyaacha saa 24. Shawa ya ukutani inafuata mwishoni, kwa kuwa ukuta wa vigae hupitisha maji kwenye viungio vya grauti (saruji ya kujazia kati ya vigae) taratibu sana. Kama dari la sebuleni ni la jipsamu tunaomba tukate tundu la ukaguzi la sentimita 30 kwa 30, maana jipsamu huyasambaza maji na kuyadondosha mbali na yanapoingilia.

Bomba la maji moto lililozikwa ukutani ni rahisi kuliko yote. Washa heita, fungulia maji moto dakika 10, funga. Bomba zima huonekana kama mstari ulionyooka. Palipovuja mstari unavimba na kutawanyika, na doa linazidi kukua hata koki ikiwa imefungwa.

Kuta zenye unyevu

Ukuta uliolowa huwa wa baridi kwa sababu maji yanapokauka hubeba joto. Wakati wa masika hewa imeshashiba maji, ukaukaji ni mdogo, na picha inakuwa hafifu. Tunachofanya ni kuuwashia ukuta feni kwa saa nzima kabla ya kupiga picha. Sehemu yenye maji hushuka nyuzi 1 hadi 3 chini ya jirani zake, na umbo lake huanza kusema: unyevu unaopanda kutoka kwenye msingi hukaa kama ukanda wa chini wenye ukingo unaolingana, unaotoka juu hushuka kama michirizi, na wa bomba huwa doa la katikati.

Umbo ni dokezo tu. Tunathibitisha kwa kipimo cha unyevu chenye pini, na hapo chumvi inatusumbua sana mji huu. Ukuta uliojengwa kwa mchanga wenye chumvi hupandisha kipimo hata ukiwa mkavu kiasi, kwa kuwa chumvi hupitisha umeme. Tukiona unga mweupe kwenye plasta hatuamini namba ya juujuu. Tunapima kwa pini ndefu, sentimita 5 ndani, tukilinganisha na ukuta wa nyumba hiyohiyo ambao hauna tatizo.

Kuna unyevu mwingine ambao hauna bomba wala ufa. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 huanza kudondosha maji inapogusa kitu cha nyuzi 26. Chumba cha kulala kikiwa na kiyoyozi cha nyuzi 18 usiku kucha, ukuta wa tofali la inchi 6 upande wa korido usio na kiyoyozi unaweza kushuka hadi karibu nyuzi 26, na jasho la ukuta likaanza. Fangasi huota koridoni, nyuma ya kabati, na mwenye nyumba anatafuta bomba lisilokuwepo. Tiba yake ni kupandisha kiyoyozi hadi nyuzi 24 au 25, kusogeza kabati mbali na ukuta, na kuipitisha hewa koridoni. Tindo halihitajiki kabisa. Mfereji wa maji ya kiyoyozi ulioziba, au bomba la shaba lililovuliwa sponji yake ndani ya ukuta, nao huleta doa kama hilo. Tunavitofautisha kwa kuzima kiyoyozi kwa muda wa saa tatu: mstari wa bomba la shaba hufutika, lakini maji ya mfereji uliofurika hubaki.

Umeme

Boksi la breka likikaguliwa bila mzigo halina la kukuambia. Washa viyoyozi, heita, pasi na jiko la umeme nusu saa kabla, mzigo ufike angalau asilimia 40 ya uwezo wa saketi. Mfuniko unafunguliwa na fundi umeme tu, na hatukubali mteja au mlinzi atufungulie. Skrubu iliyolegea huonekana kama nukta ya moto kwenye kiungio, na waya unapoa kadiri unavyokwenda mbali nayo. Waya ulio moto sawasawa mwanzo hadi mwisho ni mwembamba kwa kazi yake. Shawa ya umeme ya kilowati 5.5 huvuta karibu ampea 24, na mara nyingi tunaikuta imefungwa kwa waya wa milimita za mraba 2.5 badala ya 4 au 6.

Tofauti ya nyuzi 15 kati ya breka mbili zinazofanana na zenye mzigo sawa tunaiita dharura, na saketi hiyo huzimwa siku hiyohiyo. Kumbuka kwamba mzigo ukiongezeka maradufu, joto la kiungio kilicholegea huongezeka mara nne, kwa hiyo nyuzi 5 za mchana zinaweza kuwa 20 usiku wa joto. Shaba na aluminiamu zinazong'aa huakisi joto la mwili wa anayepiga picha. Tunapima kwenye ganda la plastiki au kwenye utepe mweusi uliobandikwa wakati umeme umezimwa.

Ubora wa kamera una maana hapa. Kamera ya lenzi inayoona pembe ya nyuzi 45, yenye nukta za picha (pikseli) 80 kwa upana, ikiwa mita 1 kutoka kwenye boksi, inahitaji kitu cha upana wa sentimita 3 ili joto lake lisomeke kwa usahihi. Yenye nukta 320 inatosheka na milimita 8, ukubwa wa kichwa cha skrubu ya breka.

Ukipewa ripoti na yeyote, tazama kipimo cha rangi pembeni ya picha. Rangi nyekundu haina maana yake yenyewe. Kamera ikijipangia kipimo cha nyuzi 29.0 hadi 29.6, ukuta mzima wenye afya utaonekana unawaka moto. Kila picha ya joto iambatane na picha ya kawaida ya mahali hapo, saa iliyopigwa, joto na unyevu wa hewa, na matokeo ya kipimo cha pili.

Kabla hatujaja, sogeza makabati na makochi sentimita 50 kutoka ukutani tangu jana yake, kwa kuwa ukuta uliofunikwa una joto lake tofauti. Usipige deki asubuhi hiyo. Usipake rangi kuficha doa. Na baada ya ukarabati usiharakishe kupaka rangi ya mafuta: ukuta wa plasta na tofali huchukua wiki nyingi kukauka, tena unakaukia usoni kwanza. Tunarudi baada ya wiki sita na kamera na pini zilezile, sehemu zilezile zilizowekwa alama, na rangi inapakwa namba zikishalingana na za ukuta usio na tatizo.