Kongamano la waandishi wa mapenzi lianze na mikataba, si na hoteli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nimjibu msomaji mwenzangu ambaye barua yake uliichapisha hivi karibuni, akiwakejeli waandishi wa simulizi za mapenzi wanaotaka kukutana Dar es Salaam kwa kongamano lao. Aliuliza watu hao watakuwa na lipi la kujadili kwa siku tatu zaidi ya namna ya kubusu. Swali lenyewe si baya, na jibu ninalo, kwa sababu mwezi Julai 2019, nilipokwenda kumtazama mdogo wangu anayeishi New Jersey, nilijilipia kiingilio cha mkutano wa mwaka wa chama cha waandishi wa riwaya za mapenzi cha Marekani, Romance Writers of America, uliofanyika New York.

Mkutano ulikuwa katika hoteli ndefu ya eneo la Times Square, ambayo mapokezi yake yako ghorofa ya nane. Lifti zake zilinitesa kuliko mada zote: unabonyeza namba ya ghorofa kwenye kibao kilicho nje, kibao kinakutajia herufi ya lifti utakayopanda, na ukishaingia ndani hukuti kibonyezo cha kubadili mawazo. Siku ya kwanza niliteremshwa mara mbili nisikokwenda. Kila mhudhuriaji, na wengi sana walikuwa wanawake, alikuwa na kitambulisho shingoni, na chini yake tepe za rangi zinazoeleza kama amekwisha kuchapishwa, kama anawania tuzo, au kama ndiyo kwanza amefika. Mimi nilikuwa na tepe moja tu, ya ugeni, na kwa ajili yake watu nisiowajua walinivuta kiti na kuniuliza ninaandika nini. Kumbi zilikuwa baridi kama ghala la samaki, na wazoefu wote walikuja na mitandio. Niliishukuru kanga niliyoitia mkobani kwa bahati tu.

Sasa nije kwenye yaliyojadiliwa. Vikao vilikwenda kwa pamoja katika vyumba vingi, ikabidi mtu achague kimoja na kuvikosa vingine, nami kwa kutojua niliingia chumba ambamo kwa saa nzima kilichambuliwa kifungu kimoja tu cha mkataba, yaani kile kinachoeleza ni lini haki za kitabu zinarudi kwa mwandishi baada ya mchapishaji kuacha kukiuza. Kando yangu aliketi mama mmoja wa rika la shangazi zangu, mwenye daftari la mistari alilolichora safu kwa rula: jina la kitabu, mwaka wa kutia saini, mwaka wa kudai haki zirudi. Ukurasa ulikuwa umejaa hadi chini, na vitatu kati ya vitabu hivyo alikuwa amevizungushia wino mwekundu kwa sababu mwaka wake wa kudai ulikuwa umewadia. Vyumba vya jirani walizungumzia kodi, bei ya kumlipa mhariri binafsi, na nani ana haki ya kukisoma kitabu kwa sauti na kukiuza. Mapenzi yalizungumzwa pia, nisiseme uongo, lakini kama fundi seremala anavyozungumzia mbao.

Yalikuwapo pia mazungumzo mafupi ya ana kwa ana na wahariri wa makampuni ya uchapishaji, ambapo mnapangwa foleni ukutani, mnaingia kwa zamu, na dakika zenu chache zikiisha mnatolewa waingie wengine. Nilikuwa nimeikariri hadithi yangu tangu nikiwa kwenye treni. Mhariri alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza jambo moja: haki za toleo la Kiswahili ziko kwa nani? Sikuweza kumjibu. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa nimetia saini karatasi kwa mchapishaji mmoja wa hapa nyumbani, sikubaki na nakala, na tangu siku hiyo sijapata kuona hesabu ya mrabaha wala kuambiwa ziliuzwa nakala ngapi. Nilitoka nje nikakaa kwenye zulia la ukumbini, walipokuwa wamekaa wengine wengi wakipumzisha miguu, nikatambua kwamba nimevuka bahari kwenda kuuza kitu ambacho sijui kama bado ni changu.

Nisingependa msomaji adhani nimerudi na sifa tupu za wenzetu. Chama kile kilianzishwa mwaka 1980 huko Houston, Texas, na miongoni mwa waasisi wake wakuu alikuwamo Vivian Stephens, mhariri mwanamke mweusi. Tuzo za chama zilianza mwaka 1982, lakini hadi kwenye mkutano ule wa 2019 ndipo waandishi wanawake weusi, Kennedy Ryan na M. Malone, walipozitwaa kwa mara ya kwanza. Desemba ya mwaka huohuo chama kikaingia katika mtafaruku mkubwa baada ya kumwadhibu mwanachama aliyekosoa hadharani ubaguzi wa rangi katika kitabu cha mwenzake. Viongozi wakajiuzulu, na tuzo za mwaka uliofuata zikafutwa. Wanachama, ambao waliwahi kufikia yapata 10,000, wakapungua hadi kama 2,000, na Mei 2024 chama kikaenda mahakamani kuomba kinga ya muflisi. Deni lililokielemea, karibu dola milioni 3, lilikuwa la hoteli. Mkataba wa hoteli kwa mikutano ya aina hiyo hutiwa saini miaka kadhaa kabla, kwa kukadiria watu watakaokuja, na watu wasipokuja deni halipungui kwa kiasi hicho. Chama kilichowafundisha wanachama wake kusoma vifungu vya mikataba kilikwamishwa na mikataba yake chenyewe.

Nayataja hayo kwa sababu waandaaji wa kongamano la Dar es Salaam, kwa mujibu wa tangazo lao, wameanza kwa kutafuta hoteli ya ufukweni na mgeni rasmi. Hapo ninaungana kidogo na yule msomaji mwenye kejeli, ingawa kwa sababu tofauti. Waandishi wa simulizi tulio wengi tunauzia kwenye simu: unatoa sehemu ya kwanza hadi ya tano bure katika kundi la WhatsApp, unakatia pale binti anapofungua mlango, unaandika "itaendelea", na anayetaka iliyokamilika anatuma buku mbili au tatu kwa mtandao wa simu. Wiki haijaisha unaikuta simulizi hiyohiyo katika kundi jingine, jina lako limefutwa na namba ya kupokelea pesa ni ya mtu mwingine. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tunayo tangu 1999, na inamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, ila ni nani kati yetu anayetunza rasimu zenye tarehe, au anayejua aanzie wapi anapoibiwa? Wanaochapishwa kwenye karatasi nao hali yao nimekwisha kuieleza kwa mfano wangu mwenyewe.

Kwa hiyo yapo ya kujadili, tena siku tatu hazitoshi. Ushauri wangu kwa waandaaji ni kwamba hoteli waiache kwanza. Ukumbi wa shule siku ya Jumamosi, wakili mmoja aliyezoea kesi za hakimiliki, mtu wa kutoka ofisi ya hakimiliki, yaani COSOTA, na kila mwandishi aje na karatasi aliyotia saini, hata kama imechanika. Asiyekuwa na nakala, kama mimi, aje na barua ya kumwomba mchapishaji wake nakala hiyo, tuisome pamoja kabla haijatumwa. Ya kwangu nimekwisha kuiandika. Ina aya mbili, na nimeacha nafasi ya kujaza mwaka niliotia saini, kwa sababu bado ninautafuta katika shajara zangu za zamani.

Wako msomaji,
Mwandishi wa simulizi za mapenzi,
Morogoro