Wachumba, pimeni wote wawili: selimundu haitoki upande mmoja

Korosho zikishalipwa, Masasi hugeuka mji wa harusi. Benchi la maabara yetu linajaa wachumba waliotumwa na padri, shehe au wazazi waje kupima virusi vya Ukimwi na homa ya ini. Wanapima, wanapewa karatasi, wanakwenda zao. Wachache mno huuliza kuhusu selimundu, au sikoseli kama wengi tunavyosema, ilhali Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo watoto wengi zaidi duniani huzaliwa na ugonjwa huu wa damu wa kurithi.

Mambo huja baadaye. Mtoto kazaliwa mzima, ananyonya, ananenepa. Akifikisha miezi sita hivi, viganja na nyayo vinavimba, usiku halali kwa maumivu, macho yanakuwa ya njano. Damu inapungua, anaongezwa, inapungua tena. Hapo maneno yanaanza. Huku kusini, ambako Wamakonde, Wamakua na Wayao tangu zamani huhesabu ukoo kwa mama, wa kwanza kuulizwa ni mjomba: huko kwenu kuna nini? Upande wa mume wanakaa pembeni kama wageni. Wengine humaliza kwa kumrudisha mama kwao na mtoto wake mgongoni.

Vipimo havikubaliani kabisa na kesi hiyo. Kila mtu ana nakala mbili za jeni inayohusika na ugonjwa huu, iliyopo kwenye kromosomu ya 11, ambayo husaidia kutengeneza hemoglobini, yaani protini inayobeba oksijeni kwenye damu. Nakala moja kapewa na mama, nyingine na baba. Iliyo ya kawaida tunaiandika A, yenye hitilafu tunaiandika S. Mwenye AA hana shida hiyo. Mwenye AS kabeba S moja lakini si mgonjwa. Analima, anacheza mpira, anazeeka bila kujua. Mwenye SS ndiye mgonjwa: chembe zake nyekundu hujikunja, hukwama kwenye mishipa midogo na kuvunjika mapema. Sasa, mtoto mwenye SS kapata wapi S mbili? Moja kwa mama, moja kwa baba. Yule aliyekaa pembeni naye katoa yake.

Mkiwa AS wote wawili, chukueni shilingi mbili, moja ya baba na moja ya mama, kila moja iwe na upande wa A na upande wa S, mzirushe pamoja. Kwa kila mimba uwezekano ni asilimia 25 mtoto kuwa AA, asilimia 50 kuwa AS na asilimia 25 kuwa SS. Wapo wanaotuambia, “Sisi tumeshapata mmoja mgonjwa, watatu wanaofuata watakuwa wazima.” Hapana. Shilingi haikumbuki ilivyoanguka jana, na kila mimba hesabu inaanza upya. AS akioana na AA hawapati mtoto mwenye SS, ingawa baadhi ya watoto wanaweza kubeba S. Mwenye SS akioana na AA, watoto wote ni AS.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini jeni yenye madhara hivi haijatoweka. Jibu ni mbu. Mwaka 1954 mtafiti Anthony Allison, aliyefanya kazi Afrika Mashariki, alionyesha kuwa watu wenye AS wana kinga fulani dhidi ya malaria. Ndiyo maana S imedumu kwenye maeneo ya malaria kama huku kwetu. Lakini asidanganyike mzazi wa mtoto mwenye SS: kwake malaria ni hatari kubwa, na chandarua si jambo la kubahatisha.

Kundi la damu ni habari nyingine. Kadi ya mchangiaji damu iliyoandikwa A au AB haisemi lolote kuhusu AS.

Upande wa vipimo tuko wazi. Kile cha zamani, cha kuchanganya tone la damu na dawa na kuangalia kwa hadubini, ni cha bei nafuu, lakini kinaonyesha tu kama S ipo. Hakitenganishi AS na SS, na kwa kichanga kinaweza kupotosha kwa sababu bado ana hemoglobini aliyotoka nayo tumboni kwa mama. Kwa wachumba, hatushauri mkilipie. Ombeni kipimo cha haraka cha tone la kidoleni kinachotenganisha AA, AS na SS. Majibu hutoka siku hiyohiyo. Aliyeongezwa damu miezi mitatu iliyopita au karibuni zaidi atuambie kabla hatujamchoma, maana tunaweza kusoma damu ya mtu mwingine.

Mtoto akionekana SS tunaandika barua ya rufaa aende hospitali kuthibitishwa na kuanza kliniki: penisilini, foliki asidi, chanjo, na kwa wanaohitaji, haidroksiyurea, dawa inayopunguza vipindi vya maumivu. Upandikizaji wa uloto, yaani sehemu ya ndani ya mifupa inayotengeneza damu, nao unafanyika nchini, Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ila si kwa kila mgonjwa. Wachumba wakiwa AS wote, hatumwambii mtu aoe au asioe. Tunakaa nao chumba cha ndani, tunawaonyesha hesabu, uamuzi wanaondoka nao.

Na wale akina baba wanaokuja kwa sauti ya chini wakitaka “kuhakikisha mtoto ni wangu”: hapa si mahali pake. Vipimo vya DNA vinasimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa sheria ya mwaka 2009.

Njooni pamoja, mkiwa na kadi za vipimo vya zamani kama zipo. Chai mnaweza kunywa kwanza; kipimo hiki hakihitaji kufunga.