Samaki changu ni kitoweo, si mboga

Mhariri,

Mara nyingi ukurasa wenu wa mapishi huelekeza kwamba ugali uliwe "na mboga yoyote, iwe nyama, samaki au maharage". Naomba nafasi niseme machache juu ya hiyo mboga.

Huku Tanga, kinacholiwa pamoja na wali, ugali au muhogo huitwa kitoweo. Neno limetokana na kitenzi towea, kama kifuniko kilivyotokana na funika. Chochote unachotowelea ni kitoweo. Mboga ni mmea: mchicha, matembele, mnavu, bamia. Kisamvu kikitwangwa kwenye kinu mpaka kikalainika, kisha kikaungwa kwa tui zito, ni mboga na papo hapo ni kitoweo. Samaki changu aliyeshushwa asubuhi pale Deep Sea, soko letu la samaki, ni kitoweo, lakini hawi mboga hata akipikwa na bamia.

Siwalaumu ndugu zetu wa bara. Pale ambapo majani ndiyo yaliyokuwa kitoweo cha kila siku, si ajabu jina la majani likabeba vyote, hata leo familia yenye uwezo inaitwa ya "mboga saba". Kitoweo nacho kimebanwa. Magazeti yakiandika kuwa bei ya kitoweo imepanda kuelekea sikukuu, mara nyingi yanakusudia nyama na kuku.

Kinachoniuma zaidi ni afya. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Sasa mama anaambiwa kliniki, "Mpe mtoto mboga kila siku," naye anarudi nyumbani ameridhika, maana kila siku mtoto anakula ugali kwa dagaa. Hajapuuza hata kidogo, kalisikia neno kwa maana anayoitumia jikoni kwake. Ndiyo sababu siku hizi tunalazimika kusema "mboga za majani", na hata hiyo inaacha nje bamia, biringanya na karoti zinazoteremka kwetu kutoka Lushoto.

Basi nawaomba, ndugu Mhariri, kwenye mapishi andikeni kitoweo pale mnapokusudia kitoweo. Na kwenye makala za lishe ya watoto msiishie kusema mboga. Zitajeni kwa majina yake, mchicha, bamia, karoti, boga, ili mama asomaye ajue anunue nini sokoni.

Msomaji wenu,
Ngamiani, Tanga