Mashine imegoma kutoa maji? Angalia chini ya sinki kabla hujanunua pampu

Simu tunazopigiwa sisi mafundi hapa Malindi zinafanana sana: mashine ya kufulia imesimama, maji yamejaa, nguo ziko ndani zishaanza kunuka, na kuna mtu ashasema pampu imekufa. Mara nyingi tukifika tunakuta pampu nzima kabisa, na inatuuma kuona mtu ashatoa pesa zake bure.

Juzi tulikuwa kwa mama mmoja kule Barani. Mashine yake iko jikoni ubavuni mwa sinki, kama nyumba nyingi za hapa kwa sababu bomba la maji liko hapo hapo, na ule mpira wa kutoa maji umeunganishwa na bomba la sinki. Pampu mpya alishanunua ikafungwa, lakini siku mbili tu mambo yakarudi yale yale. Tukachomoa mpira, tukautia kwenye ndoo, tukawasha ile sehemu ya kukamua, na maji yakatoka kwa nguvu mpaka ndoo ikajaa tukaizima haraka. Sasa hapo shida iko wapi? Iko mbele ya mpira, kwenye bomba la nyumba. Tulipofungua trapu, ile chupa ya plastiki iliyo chini ya sinki, tulikuta utando mweupe mnene kama samli iliyoganda, umeshikana na machicha ya nazi na magamba ya samaki, njia iliyobaki ni kama tundu la penseli. Maji ya kuosha vyombo yalikuwa yanapita hapo pole pole ndio maana mama hakushtuka, lakini mashine inasukuma maji yake yote kwa mkupuo mmoja, yatapita wapi?

Hio ya ndoo unaweza kujaribu mwenyewe, ila weka ndoo juu ya stuli au kiti, usawa wa sinki hivi. Ukiiweka chini sakafuni maji yatashuka yenyewe hata kama pampu ni mbovu, utadhani ni nzima kumbe sio.

Tuongee kidogo kuhusu nazi, maana huku kwetu ndio chanzo kikubwa na hatuwezi kumwambia mtu aache kupika wali wa nazi. Mafuta ya nazi yanaganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Sufuria ukiiosha ikiwa na moto mafuta yanashuka kama maji, lakini yakifika kwenye bomba lililopita chini ya ardhi yanapoa na kushika ukuta wa bomba, hasa msimu wa kusi usiku kukiwa na ubaridi, halafu maji ya wali na unga wa chapati yanakuja kujipaka juu yake, kidogo kidogo mpaka njia inakwisha. Dawa yake ni rahisi: kabla ya kuosha sufuria ya mchuzi ipanguse kwa karatasi au gazeti, na maji ya kusuuzia kifumbu cha kuchujia nazi yamwage nje kwenye mgomba, usiyapitishe kwenye sinki.

Kama ukijaribu ndoo maji hayatoki, basi geukia filta. Iko mbele chini kwenye mashine nyingi za mlango wa mbele, ina kifuniko kidogo. Chomoa plagi kwanza, tandika matambara, weka beseni fupi, fungua taratibu. Tunavyotoa humo ni shilingi kumi kumi, vifungo, na hasa pini za mtandio, hizo ndio zinaongoza, zinajikunja kwenye kile kipanga cha pampu kinachozunguka mpaka kinakwama. LG itakuandikia OE na Samsung itaandika 5C au 5E, maana yake maji hayatoki, haimaanishi pampu imekufa.

Kuna shida nyingine inayowachanganya watu, mashine inaingiza maji haijai, mita inazunguka tu na bili inapanda. Ukiangalia unakuta mpira umelazwa chini kwenye tundu la sakafu, kwa hio maji yanayoingia yanatoka hapo hapo. Ncha ya mpira inatakiwa iinuke, mashine nyingi zinataka kama sentimita 60 mpaka 100 kutoka sakafuni (soma kitabu cha mashine yako), na isisukumwe ndani sana ya bomba wala kuzibwa pembeni kwa silikoni, ipate hewa. Na bomba lenyewe liwe na mteremko, sentimita 2 hivi kwa kila mita.

Tunawaomba sana jamani, msimwage kostiki, ile dawa kali ya kuzibulia mabomba, kila sinki likizubaa. Ikikutana na maji inachemka, ikikwama kwenye trapu inabaki hapo inamsubiri atakayefungua, kijana wetu mmoja aliungua mkono kwa sababu hakuna aliyemwambia. Kama ushamwaga tuambie kabla hatujagusa kitu. Jik nayo usiichanganye na asidi ya choo hata siku moja, inatoa gesi ya klorini na jiko dogo lililofungwa madirisha ni hatari kweli.

Friji nayo huziba vile vile, na maji chini ya droo za mboga ni hadithi fupi: nyuma kwa ndani kuna katundu kadogo ka kutolea maji, kameziba. Zima friji, zibua kwa mrija laini na maji ya vuguvugu, usitumie waya.

Ukitupigia, tutumie picha ya chini ya sinki milango ikiwa wazi, na utuambie kama maji ya sinki yanapanda wakati mashine inatoa maji. Yakipanda tunajua bomba la mbele limeziba, tunakuja na springi ndefu na kufungua chemba ya nje kwanza kabla ya kuigusa mashine yako.