Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Kozi za Juu, Cheti na Mkono wa Fundi

Ndugu wanachama, mafundi majokofu na viyoyozi wa Dar es Salaam,

Mambo ya ada, vifaa na mfuko wa kusaidiana atayasoma mweka hazina. Mimi kamati imenituma nizungumzie jambo moja ambalo limezua mabishano karibu kila kikao mwaka huu: hizi kozi za juu tunazopeleka wenzetu zinaongeza ufundi, au zinagawa vyeti tu?

Cheti chenyewe tunakiheshimu. Mteja mkubwa hakupi kazi bila hicho. Na fundi aliyejifunzia mtaani, akapita kwenye utaratibu wa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wa kurasimisha ujuzi, hupimwa kwanza, akajaziwa pale alipopungukiwa, ndipo akapewa cheti. Pale karatasi inafuata ujuzi. Kinachotusumbua ni kozi fupi za siku mbili tatu, ambazo tumekuta vyeti vimeshachapwa majina kabla mtu hajashika geji ya kupimia presha.

Haja ya kujifunza ipo, tena kubwa. Chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987, nchi zinazoendelea zilipangiwa kupunguza gesi za kupoozea za kundi la R22 kwa asilimia 67.5 ifikapo 2025, na kuziacha 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha kuhudumia mashine zilizopo. Aliyezoea R22 hana budi ahamie gesi za R410A, R32 na R290. Kwenye mtihani anaulizwa R410A ni mchanganyiko wa nini, anajibu R32 na R125, nusu kwa nusu, anapata alama. Jibu ni sahihi, lakini halisemi lolote kuhusu mkono wake.

Tuchukue kazi ya kupima uvujaji. Mashine nyingi za R410A hupimwa kwa kujazwa naitrojeni hadi presha ya karibu psi 600, kwa kufuata maandishi ya mtengenezaji. Naitrojeni, kamwe si oksijeni: oksijeni ikikutana na mafuta ya kompresa kwenye presha inalipuka, na hili lazima mtu alijue hata akiamshwa usiku wa manane. Sasa fundi amefunga psi 600 saa nane mchana, bomba lina nyuzijoto 33. Anarudi alfajiri, bomba lina 25, geji inasoma 584. Kuna tundu? Hakuna. Kwa presha hiyo kila nyuzi moja ya joto inachukua takriban psi 2, nyuzi nane ni 16. Asiyejua hilo atakata nati na kupiga flea upya, yaani kupanua tena mdomo wa bomba, bure. Na aliyezoeshwa kuambiwa "hiyo ni baridi ya asubuhi" ataacha hata upungufu wa psi 40 upite. Hatujaona kozi fupi inayomrudisha mwanafunzi asubuhi asome geji ile ile na kipimajoto mkononi.

Vakyumu, yaani kunyonya hewa na unyevu kutoka ndani ya mfumo kabla ya kujaza gesi, ndiyo inayotuumiza zaidi. Wengi bado wanatumia kompresa kuukuu la friji kama pampu, wanasubiri mshale ufike chini, wanafunga. Mshale ukishafika chini hauna tena la kukuambia. Tunalenga maikroni 500, yaani nusu milimita ya zebaki, na kiasi hicho husomwa na kipima maikroni peke yake. Kisha unafunga valvu, unazima pampu, unasubiri dakika 10 hadi 15 huku ukiangalia. Namba ikipanda kidogo ikatulia chini ya 1,000, endelea. Ikipanda mpaka elfu kadhaa ndipo ikasimama, ndani kuna unyevu unaochemka. Ikipanda bila kusimama, kuna tundu. Unyevu huo, kwa hewa ya pwani yetu, ni mwingi. Mafuta ya kompresa ya aina ya POE yanaunyonya, yakipata joto yanazaa asidi, asidi inakula vanishi ya waya za kompresa. Kompresa linakufa baada ya miezi, mteja anaambiwa ni umeme wa Dar, na fundi hajifunzi kitu kwa sababu kosa lilishasahaulika.

Kujaza gesi nako ni hivyo hivyo. Ule mtindo wa kujaza mpaka bomba litoe jasho ulivumilika kwenye mashine za R22 zenye kapilari, kile kibomba chembamba cha kupitishia gesi. Kwenye viyoyozi vya inveta kompresa linabadilisha mwendo lenyewe, kwa hiyo presha na ampea zinapanda na kushuka hata gesi ikiwa sawa. Unatoa yote, unavuta vakyumu, unapima kwa mizani kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibati cha mashine. R410A inaingia ikiwa kimiminika. R290 ni propani, jamaa ya gesi ya kupikia: hugusi moto wa kuchomelea kabla mfumo haujatolewa gesi na kusafishwa kwa naitrojeni.

Maoni ya kamati ni kwamba kozi hujenga ufundi pale tu mwanafunzi anapokosea kwa mkono wake mbele ya mtu anayejua kwa nini amekosea, kisha akairudia kazi. Watu wengi wakizunguka mashine moja mpya isiyo na ubovu, mwalimu akachomelea, wao wakapiga picha, hakuna kilichohamia mikononi mwao. Tusiwalaumu walimu peke yao. Naitrojeni, fimbo za kuchomelea na shaba ya kuharibu ni gharama, na chama hakijawahi kuzichangia.

Tunaomba muamue hivi. Chama kilipie nusu ya ada kabla ya kozi, na nusu ya pili baada ya fundi kupimwa hapa kwetu: achomelee viungio vitatu naitrojeni ikipita ndani, tuvipasue kwa msumeno tuone kama kuna magamba meusi ya shaba iliyoungua, avute vakyumu kwenye mfumo tuliouwekea unyevu makusudi, aseme ni unyevu au ni tundu, ajaze inveta kwa mizani. Msimamizi asimwongoze. Baada ya miezi mitatu apimwe tena, kwa kuwa wiki ya kwanza kila mtu anakumbuka.

Kura itapigwa baada ya taarifa ya mweka hazina. Viungio vilivyopasuliwa, vilivyochomelewa kwa naitrojeni na bila naitrojeni, viko meza ya mbele. Tafadhali piteni mvipapase kwa kidole kabla ya kunyoosha mkono.