Mji hauishii Darajani

Ndugu Mhariri,

Nipe nafasi kidogo niseme na watembezaji wageni, na wakubwa wao wa Kamisheni ya Utalii, kuhusu ramani wanayotembea nayo vichwani. Kwa ramani hiyo mji wa Unguja unaanzia Forodhani, unapita Ngome Kongwe, unazunguka Shangani na Mkunazini, unakomea soko la Darajani. Mgeni akishapiga picha mafungu ya viungo na meza za samaki, hugeuzwa akarejeshwa alikotoka. Upande wa pili wa barabara, Ng'ambo, hapelekwi. Huko ndiko ninakokaa mimi, Kisimamajongoo, na ndiko wanakokaa wengi wa wale wanaompigia muziki usiku hotelini kwake.

Mie ni mpiga fidla. Kazi yangu khasa ni kidumbaki, taarab ya kuchezwa, maharusini. Taarab napiga nikiitwa kuziba pengo. Msimu wa wageni ukifika tunapata kazi za hoteli. Tunavaa kanzu na kofia za kiua, tunakaa pembeni karibu na ngazi, na tunaambiwa tupige pole pole ili watu wasikizane wakila. Basi tunapiga pole pole. Saa nne tunafunga vyombo, tunatoka kwa mlango wa nyuma, tunavuka barabara. Mgeni amesikia taarab, ameridhika, na wala sisemi kadanganywa. Ila alichosikia ni taarab iliyokatazwa kunyanyua sauti.

Wageni hao hao asubuhi yake hupelekwa Shangani kuoneshwa nyumba ya Freddie Mercury, na tangu 2019 pana makumbusho yake pale. Sina ugomvi naye, kazaliwa hapa mwaka 1946 na ni wetu. Lakini aliondoka na wazee wake mwaka 1964, na nyimbo zilizompa jina ni za Uingereza. Bi Kidude alikaa Rahaleo. Kutoka mzunguko wa Michenzani unafika kwa miguu hata jasho halijakutoka. Alipiga ngoma ya msondo, akafundisha wari, wasichana waliovunja ungo, unyago, akaimba taarab, akavuta sigara zake bila kumuomba mtu radhi, na mwaka 2005 WOMEX, wale wa maonesho ya muziki wa dunia, wakampa tuzo yao huko Ulaya. Amefariki Aprili 2013. Na kabla yake Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, aliyepanda meli mwaka 1928 kwenda Bombay kutia sauti yake kwenye santuri, naye maisha yake ya mjini yalikuwa Ng'ambo. Kundi lake lilifanya mazoezi nyumbani kwake na watu walikuja kusikiliza. Kila mgeni ninayezungumza naye namuuliza kama kapitishwa mitaa hiyo. Bado sijampata aliyepitishwa.

Nikiwauliza vijana wanaotembeza, majibu ni mawili. La kwanza, Ng'ambo hakuna cha kuangalia, kwa sababu kilichotiwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2000 ni Mji Mkongwe. La pili husemwa kwa sauti ya chini: si salama usiku. Hili la pili limenichosha. Mimi nimebeba fidla usiku katika mitaa hii maisha yangu yote ya utu uzima, na kilichonisumbua ni mbwa na mashimo. Vichochoro vya Mji Mkongwe navyo vina giza lake, na hakuna anayemwambia mgeni asivipite.

Basi niwaeleze cha kuangalia. Toka Darajani jioni, baada ya magharibi, pita Mlandege ukielekea Michenzani. Yale majumba marefu kumi yaliyopangwa pande nne za mzunguko yalijengwa enzi za Mzee Karume na baada yake, kwa ramani za wataalamu wa Ujerumani Mashariki. Wengine huyaona mabaya. Mie napenda kuyatazama saa hiyo, nguo zimeanikwa kila kibaraza na redio tano zinasema mambo matano. Chini yake wanauza urojo, mishikaki, mihogo ya kukaanga na pilipili ya ndimu. Ingia ndani kidogo, Kikwajuni au Miembeni, utakuta baraza za kahawa: birika la shaba juu ya makaa, vikombe visivyo mkono, kashata, wazee kwenye bao, vijana kwenye karata na dhumna. Atakayekaa atapewa nafasi, na ataulizwa mpira anashabikia timu gani.

Muziki unataka kuujua pa kuuvizia. Klabu kongwe mbili za taarab zenyewe ziko upande wa Mji Mkongwe, Ikhwani Safaa ya mwaka 1905 pale Malindi na Culture Musical Club pale Vuga, lakini tazama wapigaji wakitoka mazoezini usiku wanaelekea wapi. Huku kwetu kuna beni, vikundi kama Mbwa Kachoka, matarumbeta na ngoma kubwa, zinazomsindikiza bwana harusi mpaka barabara inasimama na madereva wanaacha kupiga honi kwa kuwa hawasikiki tena. Kisha kuna kidumbaki.

Hapa nitarefusha, mniwie radhi, maana ndicho chakula changu. Vyombo vyake ni fidla moja, ngoma mbili ndogo za udongo au mti, mkwasa unaogongwa, cherewa za vifuu zenye mbegu ndani, na sanduku. Sanduku ni sanduku kweli, la mbao nyepesi, limepinduliwa, lina fimbo na kamba moja. Mpigaji huivuta fimbo kukaza kamba na huilegeza kupata sauti nene. Ndilo besi letu. Mpiga fidla ndiye mwimbaji pia, na kazi yake si kuimba nyimbo moja akapumzika watu wakapiga makofi. Anachukua nyimbo za taarab ambazo kila mtu anazijua, anazikata, anaziunga moja na nyengine bila kusimama, mbio zinapanda, saa nzima inapita. Taarab husikilizwa watu wamekaa, na mwenye kuguswa huinuka kwenda kumtunza mwimbaji pesa. Kidumbaki hakikaliwi. Mpiga ngoma anamtazama mchezaji kiuno, nami namtazama mpiga ngoma, na akikosea mmoja wetu wanawake wanatucheka hapo hapo kwa maneno ambayo gazeti lako haliwezi kuyachapa. Hotelini hatujawahi kuachwa tupige hivi. Tuliwahi kujaribu katika hoteli moja, meneja akaja mbio kutuambia tushushe.

Sasa kuna watakaosoma hapa wakadhani nataka mabasi ya wageni yateremshe watu maharusini. Sitaki. Shughuli ya wanawake ni ya wanawake. Pale ndani mabuibui yamevuliwa, mtu kajipamba kwa ajili ya wenzake, na sisi wapigaji wanaume tumo kwa sababu tunajulikana na tumefundishwa macho yakae wapi. Nimeshamuona kijana mmoja mtembezaji akiwapenyeza wageni wawili kwenye uwa, simu zimeinuliwa, wanachukua picha. Bibi mwenye shughuli aliwatoa kwa ufagio, na nilisimamisha fidla ili asikike vizuri. Asiyealikwa haingii, na hata aliyealikwa aiache simu mfukoni.

Limebaki suala la baa, maana ndilo wageni wanaloniuliza zaidi ya yote. Makwao, wanasema, ukitaka kuujua mji unatafuta baa ndogo ya mtaani, mnakaa na wenyeji, pana mtu na gitaa. Nawaelewa. Na tusijifanye hatujui: baa Ng'ambo zipo, zina vibali, mwezi wa Ramadhani zinafungwa, na wanaokunywa humo si wageni peke yao. Mwalimu aliyenifundisha fidla, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa na kibuyu chake cha tembo la mnazi chini ya kiti na hakuna aliyemzidi kwa mkono. Lakini mtu akinifuata kwa ajili ya muziki, baa simpeleki. Humo utakuta spika kubwa kuliko mlango, singeli na bongo fleva za Dar es Salaam, na televisheni ya mpira juu yake. Hakuna mpigaji. Muziki wa mkono katika mji huu umekaa na kahawa na soda, umekaa klabuni na harusini, na mgeni anayeusaka kwa kufuata bia atarudi kwao akisema Unguja haina muziki nje ya mahoteli.

Ninachoomba ni kidogo. Tupatiwe ukumbi mmoja Ng'ambo, uwe wa umma, usiku mmoja kwa wiki, vikundi vya kidumbaki vipokezane, na mlango uwe wazi kwa mwenyeji na mgeni. Mwenyeji aingie kwa bei ya kikombe cha kahawa, mgeni alipe zaidi, na fedha zigawiwe wapigaji hapo hapo mbele ya macho yao. Kumbi zipo, nyingine zinafunguliwa siku za mikutano tu. Kibali kipitie kwa sheha wa mtaa ili majirani wajue siku na saa ya kumaliza. Majirani wasiposhirikishwa jambo hili halitafika mwezi wa pili. Baraza la Sanaa lituite wapigaji, litusikilize kabla ya kupanga, kwa sababu mara nyingi tunaitwa siku ya shughuli tukiwa tumeshapangiwa. Na skuli ya muziki ya Dhow Countries (DCMA), iliyofunguliwa 2002, imetoa vijana hodari wa fidla, kanuni na udi. Waje nao. Wakishajaribu kuunga nyimbo saa nzima bila karatasi mbele yao tutajua tumeelekea wapi.

Najua nitajibiwa kwamba wageni wakizoea Ng'ambo kodi zitapanda na wenyewe tutahamishwa, kama ilivyotokea kwa familia nyingi za Mji Mkongwe, ambako nyumba zimegeuka kuwa mahoteli. Hofu hiyo ninayo na mie, ni mpangaji. Ndiyo maana nimesema ukumbi mmoja, usiku mmoja, chini ya sheha, na sikusema nyumba za kulala wageni. Kama yupo mwenye utaratibu bora kuliko huu, aandike hapa hapa gazetini, nitamjibu. Watembezaji ambao wangependa kuanza hata kabla ya ukumbi, waje baraza ya kahawa ya Kisimamajongoo baada ya isha, waje bila wageni kwanza.

Wako,
Mpiga fidla,
Kisimamajongoo, Unguja