Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Gari la Mtu Aliyepotea Likiwa Kielelezo

Ndugu wanachama,

Nawasalimu nyote. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, na mahudhurio yamo kwenye kitabu cha katibu. Mimi nitasema juu ya kazi iliyokula sehemu kubwa ya mwaka wetu: kuandika utaratibu mmoja wa kufuatwa na fundi anapoitwa na wapelelezi kufungua gari ambalo mwenyewe hajulikani alipo.

Kwa Sheria ya Ushahidi ya Uganda, mtu akipita miaka 7 bila kusikika kwa wale ambao kwa kawaida wangemsikia, anayedai kuwa yu hai ndiye wa kuthibitisha. Miaka yote hiyo jamaa zake wanangoja. Gari lililookotwa laweza kuwa shahidi pekee waliye naye, na mikono yetu mafundi inaweza kumnyamazisha shahidi huyo kabla maabara haijamsikia.

Uharibifu huanza kwenye kuvuta. Gari likivutwa kwa kamba, tairi zinazozunguka humwaga tope barabarani, na anayeketi kushika usukani hufuta alama za dereva wa mwisho. Lipandishwe lote juu ya lori. Kabla halijaguswa lipigwe picha pande zote, na iandikwe gia iliyomo, hali ya hendibreki, mkao wa vioo na vitasa vya milango. Swichi isiwashwe kwa pupa: kifaa cha kufuatilia gari na kamera ya kwenye kioo vikipata umeme vinaweza kurekodi upya na kufuta kumbukumbu za zamani. Mtaalamu wa vifaa hivyo atangulie.

Kiti cha dereva kisisogezwe hata kidogo. Pima kwa tepu kutoka pedali ya breki hadi mgongo wa kiti, uandike sentimita. Mwenye gari akiwa mfupi na kiti kimerudishwa nyuma mpaka mwisho, hapo pana swali la kuulizwa.

Kuna kitu ambacho sisi tunakijua kuliko maabara yoyote, nacho ni kile kistika cha oili. Tuseme kinaonyesha oili ilibadilishwa kwenye kilomita 148,200 na dashibodi inasoma 148,912. Gari limetembea kilomita 712. Safari ambazo familia inazijua zikiwa 430, zinabaki 282, yaani karibu sawa na kwenda Masaka na kurudi Kampala. Huo si uthibitisho, lakini unampa mpelelezi njia ya kuanzia. Basi kistika kisibanduliwe kabla hakijapigwa picha.

Tope la ndani ya madigadi hushikana kwa matabaka, moja juu ya jingine, kama rangi ya ukuta wa zamani. Kwa karibu utaona murramu nyekundu, kisha utepe mweusi wa udongo wa bwawani, kisha vumbi. Kila madigadi ina bahasha yake, na pande lisivunjwe: mpangilio wa matabaka ndio habari yenyewe. Chukua pia chujio la hewa, maana hushika vumbi na chavua.

Sasa damu, ambako makosa ni mengi. Aliyeosha gari huosha anachokiona. Damu hupita kwenye mshono wa kiti ikaingia kwenye sponji, hupenya zulia ikakaa kwenye feruti, kile kitambaa kizito kilicho chini yake, na kwenye buti huteremka hadi chini ya spea. Mkanda wa kiti uvutwe wote mpaka mwisho, polepole. Sehemu iliyojiviringa ndani ya kirudishio haikufikiwa na kitambaa cha muoshaji. Katika kipimo cha finofthalini, dawa inayogeuka pinki ikikuta damu, dawa hiyo hutiwa kwanza, halafu haidrojeni peroksaidi. Rangi ya pinki ikitokea kabla ya peroksaidi, jibu halifai. Luminoli, dawa ya kunyunyizwa gizani, nayo hung'aa kwa damu, lakini hung'aa pia kwa jiki na kwa shaba, na kutu yaweza kudanganya; tena ni majimaji, yanatandaza kidogo kilichobaki. Kwa hiyo nywele, nyuzi na alama za vidole hutangulia, luminoli hufuata. Vipimo hivi vyote vinasema "huenda ni damu" tu. Ni ya nani, hilo ni la DNA, kazi inayofanywa na Maabara ya Serikali ya Uchunguzi, Wandegeya.

Sampuli ikauke kwenye hewa, kisha iingie kwenye bahasha ya karatasi. Katika unyevu wetu, mfuko wa plastiki huotesha ukungu, na ukungu huila DNA. Kila bahasha iwe na saini, tarehe na saa ya kila aliyeipokea. Pengo moja kwenye orodha hiyo linamtosha wakili wa utetezi.

Namba ya chasisi pia imetusumbua. Magari mengi yetu yalitengenezwa kwa soko la Japani, hayana namba ya herufi na tarakimu 17. Yana namba fupi iliyogongwa kwenye bodi. Iliyokwanguliwa yaweza kurudi, kwa sababu pigo la nyundo hubana chuma hata chini ya tarakimu, na asidi hula sehemu hiyo tofauti na kwingine. Ila fundi asisugue kwa msasa "ili ionekane vizuri". Akishafika chini ya chuma kilichobanwa, imekwisha.

Magari ya kesi za zamani yaliyolala uwanjani kwa miaka yasikatiwe tamaa, wala yasiachwe kuuzwa chakavu. Tunaomba yaezekwe kibanda. Turubai inayogusa bodi hufungia unyevu ndani, na jua huharibu kila kilicho juu ya viti.

Mafunzo ya mwakani yataanza na taa. Balbu iliyokuwa inawaka wakati wa kishindo, uzi wake huvutika na kupinda kwa kuwa una moto. Iliyozimwa, uzi hukatika mkavu. Mwenye balbu za ajali asizitupe. Azifunge kwenye karatasi, aandike ni taa ipi na kama ilikuwa inawaka, azilete kwa katibu.